Viti Viwili vya Ganjoni

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msije mkadhani hapa pana shujaa. Wagonjwa wangu wa meno huingia wakitetemeka, wakaniona na koti jeupe na miwani, wakadhani woga wote umo upande wao. Laiti wangeusikia moyo wangu kila ninapokanyaga kanyagio, kiti kikaanza kulala na mtu juu yake.

Woga huo una siku yake ya kuzaliwa. Miaka ile nilikuwa na chumba kimoja na kiti kimoja, Mji wa Kale, uchochoro wa pili ukitoka Ngome ya Yesu. Kiti nilikirithi kwa daktari mzee aliyenifunza kazi, na yeye sijui alikirithi kwa nani. Siku moja namdunga sindano ya ganzi mchukuzi wa bandarini, pande la mtu, sindano imo ndani ya ufizi, mara kiti kikashuka chenyewe. Hakikuanguka. Kilishuka polepole, kama mtu aliyechoka kusimama. Kichwa cha yule bwana kikaenda chini, mkono wangu ukabaki juu, sindano ikakatika. Niliitoa kwa koleo. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akashika njia, asirudi tena. Tangu siku hiyo kila nikimlaza mtu huweka goti langu la kushoto chini ya mgongo wa kiti, tayari kupokea. Nimefanya kazi hivyo miaka, nusu nimesimama nusu nimepiga goti, hata nyonga ikaanza kuniuma.

Basi wagonjwa walipozidi mpaka wakawa wanalijaza baraza la jirani, nikakodi nyumba ya chini huko Ganjoni, vyumba viwili na sebule. Hofu yangu haikuwa kodi wala kibali. Ilikuwa viti. Nilihitaji viwili, ili ganzi ikimshika huyu niwe namshughulikia yule. Nilitaka viti ninavyoviweza kwa mfuko wangu, tena nilitaka viti visivyoshuka. Kila niliyemuuliza aliniambia mambo hayo mawili hayalali nyumba moja.

Ndipo nikapelekewa fundi. Mtu wa Rabai, Mkristo, mwembamba, maneno yake ya kuhesabika. Alikuwa akizunguka kisiwani kutengeneza mashine za zahanati: kompresa, taa za upasuaji, viti kama vyangu. Hana duka, hana kibao, hana hata kadi ya kumpa mtu. Duka lake lilikuwa jina lake. Zahanati hii humsifia kwa ile, na ile kwa nyingine, na yeye akaja na mkoba wake wa vyombo, akatengeneza, akaondoka. Siku ya kwanza nilimwambia wazi kuwa mimi naogopa viti. Hakucheka. Aliniambia na yeye huviogopa, ndiyo maana huvifungua.

Tulianzia duka moja kubwa la vifaa vya hospitali. Muuzaji, tai shingoni na joto lote lile, alinikalisha kwenye kiti kipya chenye taa nyingi na televisheni ndogo ya mgonjwa kutazama. Nikauliza bei. Aliponitajia niliteremka bila kuambiwa. Fundi yeye aliuliza neno moja: kikiharibika, spea zake ziko wapi? Muuzaji akasema huagizwa ng'ambo, ni miezi michache tu. Fundi akataka kujua miezi hiyo michache mgonjwa angekaa wapi. Tukaaga.

Kutoka hapo tukaenda ghala moja Shimanzi, viti vimeshuka na kontena, vipya, vinang'aa, na bei yake tamu. Moyo wangu ukalainika, maana mimi nikiogopa sana hutamani mtu aniambie tu kwamba mambo yatakuwa sawa, na vitu vinavyong'aa husema hivyo. Fundi akakigonga kimoja ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kikalia kama sufuria tupu. Tulipotoka nje akanieleza kuwa chuma chembamba vile, kwa hewa yetu hii ya chumvi, kitaliwa ndani kwa ndani huku nje kinapendeza, na siku kitakapolegea hakitapiga hodi. Usiku ule sikulala. Rahisi ghali, nilijisemea, lakini ghali nayo siiwezi, basi nifanyeje?

Jibu lilitoka kwa daktari mmoja wa hapa hapa kisiwani aliyekuwa akifunga kazi aende kwa wanawe ng'ambo. Alikuwa na viti viwili vya kizamani, vizito, ndugu wa tumbo moja, vinavyopanda na kushuka kwa nguvu ya mafuta. Ngozi imepasuka, rangi imebabuka. Nilipoviona nikavunjika moyo. Fundi akapiga magoti, akaingia chini yake na tochi, akakaa huko muda mrefu, na alipotoka uso wake umechangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Akanifunza jambo ambalo chuoni sikulisikia: ukinunua viti viwili, nunua vya aina moja hata kama si vya kupendeza, kwa sababu siku kimoja kikifa kitamlisha mwenzake. Chuma chake, akasema, ni chuma cha watu waliokuwa na haya.

Mimi bado nilikuwa na hofu yangu. Fundi akaijua bila kuambiwa. Akaleta mifuko mitatu ya saruji, akailaza juu ya kiti cha kwanza, akakipandisha mpaka juu kabisa, akachora mstari wa chaki ukutani sawasawa na ukingo wa kiti. Tukakiacha. Nilirudi mara mbili kabla ya magharibi kuuangalia ule mstari, hata mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Asubuhi yake kiti kilikuwa pale pale, hakijashuka hata unene wa ukucha. Na cha pili vivyo hivyo. Nikalia mbele ya fundi, mtu mzima mimi, na yeye akajitia anapangusa saruji.

Nikavinunua, naye akavifumua vyote, akabadilisha kila mpira uliozeeka, akavipiga rangi ya kuzuia kutu. Vitambaa vikashonwa upya Bondeni, reksini ya kijani, ile ngozi ya bandia, na mama yangu alipoiona akasema sasa wagonjwa watadhani wameingia msikitini. Siku ya kuvifunga Ganjoni, fundi aliniinamisha nitazame chini ya kiti kilichopandishwa juu. Katikati hapo, kiti kikiwa juu, huonekana bomba jeusi la mpira linalopitisha mafuta. Akaliwekea kidole. Hii ndiyo roho yake, akasema. Kitu kikali kisifike hapa, wala moto, wala panya. Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa, hilo sina wa kumdanganya.

Tulifungua siku ya Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Mama ndiye aliyepanga yote. Naishi naye Mji wa Kale tangu baba yangu alipofariki, na kwake yeye nyumba isiyosomewa dua ni ukumbi wa kupitia tu. Wakaja walimu wakasoma, wakaja wanawake wa mtaani kwetu na sinia za mahamri na halua. Fundi alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, akisema dua si yake na asingependa kuwasumbua watu. Wengine wangemwacha papo hapo. Mama alitoka, akamshika mkono wa shati, akamwingiza, akamkalisha kwenye mkeka wa sebuleni pamoja na wageni, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, kikombe cha kwanza na cha pili. Nilimwona fundi akikishika kile kikombe kwa mikono miwili.

Kisha mama akachukua chetezo, makaa yamekolea, akatia udi na ubani, akazunguka vyumba pembe kwa pembe, wanawake nyuma yake, nami, binti yake, nyuma yao. Tulipofika kwenye kiti cha dirishani akasimama.

"Mwanangu, hivi vimelaliwa na watu hatuwajui," akasema. "Vimeliliwa, vimetemewa damu. Nguo ya mtumba twaifukiza kabla ya kuivaa, na kiti je? Kipandishe nipitishe chetezo chini, moshi uingie."

Kwetu nguo hutandazwa juu ya tundu la fito, mfano wa tenga lililopinduliwa, chetezo kikawekwa ndani yake, nguo ikanywa moshi mpaka ikashiba. Mama alikiona kiti kama tundu, na kwa kweli kikiwa juu kilifanana nalo. Nililijua bomba. Nilikijua kidole cha fundi. Wanawake wote walikuwa wakinitazama, na kumwambia mama yangu hapana mbele yao, siku ya dua, sikuweza. Lakini hiyo si sababu yote. Mimi mwenyewe niliutaka ule moshi kuliko yeye. Nilitaka kitu chochote, cha dini au cha mila, kiingie ndani ya chuma kile kinihakikishie kuwa hakitashuka. Mguu wangu ndio uliokanyaga kanyagio. Kiti kikapanda, mama akakisukuma chetezo chini kwa upole, na sote tukasema inshallah.

Tukaitwa kwenye kahawa. Maneno yakawa mengi, watu wakachelewa kuondoka, na chetezo kikasahaulika pale chini. Kuna wakati nilisikia harufu ya mpira, nikadhani mama ameuziwa udi wa kuchanganya. Alipokumbuka akakitoa. Kiti cha pili hatukukifukiza, makaa yalikuwa yamekwisha.

Siku kumi na mbili nilifanya kazi kwa furaha ambayo sijapata kuijua. Nilianza hata kulisahau goti. Siku ya kumi na tatu akaja binti wa Bondeni, bibi arusi, nikaha yake Alhamisi ya wiki iliyofuata, jino la mbele limemeguka kona kwa mfupa wa biriani. Mamake alikuja naye akakaa sebuleni. Nikamlaza yule binti kwenye kiti cha dirishani, nikamdunga ganzi, nikaanza kuusawazisha ule ukingo. Sijui ni nini kilichonifanya niweke goti siku ile. Mazoea tu, nadhani.

Mashine inazunguka mkononi, mara uso wa binti ukaanza kwenda zake. Polepole, bila sauti, kama ule wa mchukuzi. Goti likapokea uzito, nikasikia maumivu mpaka kiunoni, kiti kikasita. Lakini ncha ya mashine ilikuwa imeshapita kwenye mdomo wa juu kwa ndani. Damu ikatoka, ikashuka kidevuni, ikaingia kwenye kitambaa cheupe. Damu ya mdomo huwa nyingi kuliko jeraha lake, hilo nimewaeleza watu mara elfu, lakini siku ile mimi mwenyewe nililisahau. Niliona Alhamisi. Niliona jukwaa la kupamba, wanawake mia, na mdomo ule.

Mamake binti aliingia mbio. Kabla hajauliza neno, nikasema:

"Ni fundi. Fundi amenifungia kiti kibovu."

Hakuna aliyeniuliza. Ndivyo nilivyo mimi: mwenzangu akiogopa hunyamaza, mimi nikiogopa hutafuta wa kumtupia. Nilikuwa nimeshika pamba mdomoni mwa binti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikampigia fundi simu, nikamtolea maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Mamake binti alisikia yote. Akauliza ni fundi gani. Nikamwambia, yule wa Rabai, mwembamba. Akasema, kumbe ni huyo huyo anayeingia katika zahanati mbili za kakangu.

Jeraha lilikuwa dogo. Halikuhitaji hata kushonwa. Nilimaliza jino kwenye kiti cha pili, goti chini ya mgongo, jasho linanitiririka, na binti, masikini, ndiye aliyenipoza mimi. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na mji huu maneno hayapandi gari, huruka. Hata kabla ya Jumamosi fundi alikuwa ameambiwa asije tena kwenye zahanati zile mbili, na ya tatu ikamwambia itamwita ikimhitaji.

Kesho yake ya ile damu alikuja kwangu na mkoba wake. Hakunitajia matusi yangu. Alikipandisha kiti kwa jeki, akalala chini, akafungua. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, bado na hasira zangu, maana ningeziacha zingebaki hofu tupu. Kisha akatoa mkono nje, kiganja wazi. Ndani yake mlikuwa na jivu, na kipande cha bomba kimelainika upande mmoja, kimekunjamana, kina tundu dogo la kupenyeza mafuta tone kwa tone.

"Daktari," akasema, "hapa liliwekwa jiko?"

Nilijua palepale, tangu mguu wangu mpaka harufu ya mpira. Na neno lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa hili: ni udi wa mama. Sikusema ni mimi niliyekipandisha. Nilisema ni udi wa mama, kana kwamba udi ulitembea wenyewe.

Fundi alikaa kitako sakafuni. Alilitazama lile jivu, akalikung'uta taratibu kwenye gazeti, akalikunja. Akasema basi. Akatia bomba jipya, akamwaga mafuta mapya, akakijaribu kiti kwa uzito wake na wangu pamoja, tumekaa kama watoto kwenye pembea. Kikasimama imara. Nilimwapia kuwa nitakwenda Bondeni, nitaeleza, nitalisafisha jina lake. Alisema ni vyema. Niliona anataka kuniamini.

Sikwenda Jumamosi. Jumapili nikajisemea watu wana shughuli za arusi, si adabu kuwaingilia. Jumatatu nikatengeneza sababu nyingine. Usiku nilikuwa nikijisikilizia maneno yatakavyokuwa: daktari gani huyu anayewasha moto chini ya kiti cha wagonjwa? Nani atanilazia mwanawe? Nilikuwa na kodi ya nyumba mbili na jina moja, na jina la fundi kwangu likaanza kuonekana jepesi kuliko langu. Nalisema hivi kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Jioni ya kupamba, bibi arusi anapotazamwa na wanawake, nilialikwa, nikaenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Nilikaa nyuma. Bibi arusi alipokaa jukwaani nilimtazama mdomo tu, sikuona dhahabu wala hina. Mdomo ulikuwa mzima, umepakwa rangi, unatabasamu. Mamake alinipitia na sinia ya halua, akainama sikioni mwangu.

"Fundi wako ana adabu," akaninong'oneza. "Kaja jana mpaka mlangoni, kakiri kosa, kasema alifunga bomba vibaya. Kaomba radhi. Lakini kakangu hamrudishi. La kuvunda halina ubani."

Nilikuwa na nafasi pale pale, sikio lake liko karibu na mdomo wangu. Nikasema alhamdulillahi, bora amekiri. Nikatia halua mdomoni.

Mwezi ukapita. Viti vyangu vilifanya kazi bila kushuka, na kila vilivyokataa kushuka ndivyo nilivyozidi kuogopa. Siku moja nilimwona fundi Bondeni, amechutama kando ya njia anatengeneza pampu ya jiko la mafuta ya taa, mkoba wake uko wazi na vile vyombo vizuri vya zahanati havina kazi ndani yake. Nilishuka kwenye tuktuk. Nikamsalimu, nikaanza kumshukuru, nikisema amenisitiri, sijui nimlipe nini.

Hakuinua kichwa.

"Usinishukuru, daktari," akasema. "Sikufanya kwa ajili yako. Mamako alinitilia kahawa."

Nilisimama juani mpaka aliponiuliza kama nina jiko la kutengenezwa. Nikasema sina, nikaenda zangu kwa miguu mpaka nyumbani.

Mama alikuwa akichambua mchele. Nikakaa chini kando yake, nikamweleza: chetezo, bomba, mdomo wa bibi arusi, fundi na zahanati zake, msamaha alioomba kwa kosa lisilo lake. Nilieleza kila kitu, na kwenye kanyagio nikapita haraka haraka, lakini yeye alikuwapo, hakuhitaji kukumbushwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akausukuma ungo kando.

"Kwa hivyo mtu kavaa aibu yangu," akasema, "nawe watembea nayo kifuani mwezi mzima. Nipe buibui langu."

Nilimwambia tungoje kesho, jua kali, tupige simu kwanza. Alikuwa ameshavaa viatu. Alitangulia, mimi nyuma, kutoka Mji wa Kale mpaka Bondeni, mwanamke wa miaka sabini na magoti mabovu, na hakusimama hata kuvuta pumzi. Mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Mamake binti alitupokea kwa masalkheri na mito, akaleta kahawa. Mama hakungoja ipoe. Alisema amekuja kuondoa neno. Akasema chetezo kilikuwa chake, makaa yake, mkono wake. Kwamba yeye ni mtu wa zamani, alidhani kiti ni kama tundu la nguo. Kwamba fundi hakukosea hata msumari, na aliyoyasema mlangoni aliyasema kumsitiri mwanamke mzee aliyemkaribisha kahawa. Akasema hataki kufa na deni la jina la mtu. Sauti yake haikutetemeka. Mamake binti alibaki mkono kifuani. Akachukua simu, akampigia kakake, tukasikia pande zote mbili, na kabla hajaikata ilikwishakubaliwa kuwa fundi arudi siku ile ile, na kwamba kaka mtu atamfuata mwenyewe kumwomba radhi.

Nilihisi kitu kizito kinanitoka mabegani. Nilidhani yamekwisha. Hapo mamake binti akaiweka simu, akanigeukia mimi. Hakuwa na ubaya. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kuelewa.

"Na wewe, daktari, unayevijua viti hivyo, mama alipokiweka chetezo wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa nje, barazani, napokea wageni.

Akamtazama mama, kama anayetafuta shahidi. Mama yangu hakubali hata tumwambie mchuuzi mlangoni kuwa hayupo. Hutoka mwenyewe, akasema yupo ila hataki kununua. Aliniangalia mara moja, akakiweka kikombe chake chini.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa nje."